Dripu ya pipa kwenye bustani ya nyumbani Dodoma: uzoefu wangu

Kama uko Dodoma na unataka kula mboga mbichi za uani kwako hata Oktoba, seti ya dripu ya pipa, ile ambayo maji ya pipa yanapita kwenye mipira yenye matundu na kudondoka taratibu kwenye shina, naipendekeza kwa moyo wote. Ila pipa likae juu, na chujio liwe la maana.

Mimi nakaa Nzuguni. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zikakata Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 600 tu. Zikishapita ni upepo na vumbi, na joto likipanda sukuma wiki zinanyauka hata saa sita haijafika. Si bure Wagogo hukausha mlenda mapema na kuuweka akiba. Kumwagilia kwa ndoo nimefanya sana, na kinachoniuma ni maji yanavyopotea: udongo ukishashika ugumu juu, maji yanakimbilia pembeni badala ya kuzama kwenye shina.

Seti niliinunua duka moja la pembejeo mjini. Ina bomba kuu, koki, chujio, viungio na mipira myeusi yenye tundu kila sentimita 30. Pipa la lita 200 nilinunua kivyake, nikaliweka juu ya tofali za bloku, kama mita moja kutoka chini. Hapo kwenye urefu wengi wanadharau. Pakiti inasema kila tundu linatoa lita 1.6 kwa saa, lakini hicho ni kipimo cha presha ya pampu. Kwa pipa la mita moja presha ni kama sehemu moja ya kumi ya hiyo, na tundu linatoa theluthi hivi ya kilichoandikwa. Hakuna shida, unaacha koki wazi muda mrefu zaidi, jioni upepo ukitulia. Mistari tu iwe mifupi, isipite mita kumi hivi, la sivyo miche ya mwisho inabaki na kiu.

Lawama yangu ni chujio lililokuja na seti. Kifuniko kinavuja, na wavu wa ndani ni laini mno. Nililirudisha, muuzaji akaniambia, "Bosi, haya yote yako hivyo." Hayako hivyo, kwa sababu nilinunua lingine la visahani, yaani linalochuja kwa visahani vilivyobanana badala ya wavu, na halijavuja hata tone. Maji ya kisima ninayotumia yana chumvi na chokaa, ukoko wake mweupe unauona chini ya birika, na huohuo ndio unaoziba matundu. Kwa hiyo kila wiki nafungua vizibo vya mwisho wa mipira. Kwanza yanatoka maji ya rangi ya chai, yakiwa na chembechembe nyeupe zinazokwaruza ukizisugua kwa vidole, kisha yanakuwa safi. Tundu likigoma kabisa, siki inasaidia.

Mipira ilazwe ikiwa imelegea. Mchana jua linairefusha, usiku inajivuta, na ukiikaza itachomoka kwenye viungio. Juu yake funika matandazo. Nyasi kavu kwangu ziliita mchwa, sasa natumia maganda ya karanga juu ya samadi iliyooza vizuri, na tuta linashika unyevu hadi kesho yake.

Nyanya chungu, bamia na sukuma wiki zimenifurahisha sana, na magugu yamepungua kwa kuwa katikati ya mistari pamebaki pakavu. Mchicha wa kutawanya ndio hauendani na dripu, huo naumwagilia kwa keni.

Ukienda kununua, omba chujio lifunguliwe, lijazwe maji na kufungwa hapohapo kabla hujatoa hela. Chukua na viungio vya akiba, maana kiangazi panya wanatafuta maji na mpira wanautoboa.