Kuku wa kienyeji au broila?

Simama kwa wauza kuku sokoni, hukosi kusikia: "Mimi broila sili, wamejaa homoni." Kauli hiyo inaniuma kwa sababu si kweli. Broila hufikia kilo 2 kwa wiki 5 au 6 kutokana na mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi, chakula chenye protini nyingi na uangalizi wa banda. Homoni ya ukuaji nayo ni protini: ukimlisha kuku, tumbo litaimeng'enya kama chakula kingine. Ingebidi achomwe sindano tena na tena, na mfugaji mwenye kuku 1,000 hawezi kumudu kazi hiyo.

Cha kuogopa ni antibiotiki. Dawa nyingi zina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, ili dawa iishe mwilini mwa kuku; zimeandikwa kwenye pakiti, lakini mfugaji mwenye haraka huzipuuza. Hilo ndilo la kumuuliza muuzaji.

Kienyeji huchukua miezi 5 au zaidi. Nyama ngumu, mchuzi mtamu. Kwa supu mimi simwachi. Ila akifugwa bandani hula chakula kingi zaidi kwa kila kilo ya nyama, na asipochanjwa, ugonjwa wa mdondo (Newcastle) unaweza kufuta kundi zima. Jina lenyewe halithibitishi kitu, maana chotara kama Sasso na Kuroiler huuzwa sana kwa jina la kienyeji. Na kile kiini cha yai cha njano tunachokisifu? Hutokana na mahindi ya njano na majani aliyokula kuku, awe wa aina yoyote.