TV ya inchi 43 na katuni zenye kingo za msumeno: uzoefu wangu

Nina TV ya inchi 43, Full HD, niliyoinunua Kariakoo, moja ya zile za bei ya kati. Mpira inaonyesha vizuri, taarifa ya habari safi, bongo movie sina la kusema. Kasheshe ilikuwa katuni za watoto. Kila mstari wa mshazari, uwe upanga, sharubu za paka au ukingo wa paa, ulitoka na meno kama ya msumeno, hasa picha ikitembea. Fundi mmoja huku kwetu Tabata aliitazama kidogo tu akatoa hukumu: "Kaka, hapa kioo kimechoka." TV yenyewe haijamaliza hata mwaka.

Niligoma kuifungua. Ukibonyeza menyu, maandishi ya TV yenyewe yanatoka laini, herufi za mviringo hazina jino hata moja, na kioo kilichochoka hakichagui cha kuharibu. Nikachomeka flashi yenye katuni iliyorekodiwa vizuri, ikacheza bila kasoro. Basi tatizo lilikuwa kwenye kinachoingia: deki ya DVD na king'amuzi, vyote viwili vimeunganishwa kwa waya za AV, zile za nyekundu, nyeupe na njano.

DVD za mfumo wetu wa PAL zina picha yenye nukta 720 kwa 576, na husomwa nusunusu: kwanza mistari ya namba witiri, kisha ya namba shufwa, nusu 50 kwa sekunde. TV za chogo zilichora hivyohivyo, mstari uende mstari uje, na jicho halikushtuka. Flat screen huwasha mistari yote kwa pamoja, kwa hiyo lazima kwanza iziunganishe zile nusu mbili. Ikiunganisha vibaya, kitu kinachotembea kinaonekana kiko sehemu mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo meno yanapozaliwa. Halafu picha hiyo ndogo inavutwa ijae kioo cha 1920 kwa 1080.

Filamu ya watu halisi inaficha mengi, kwa sababu nywele, moshi na vivuli havina mpaka mkali. Katuni haina pa kujificha. Ni mstari mweusi juu ya rangi moja iliyotandazwa, na mstari huo ukikatika kidogo tu, hata mtoto wa chekechea anakuonyesha kwa kidole. Juu ya hapo, waya wa njano unabeba rangi na mwanga kwa pamoja, ndiyo maana pembeni ya kitu chekundu unaona vidoti vinatambaa.

Waya wa HDMI, ule wa kidijitali wa kuchukua nafasi ya AV, niliupata Mtaa wa Aggrey kwa shilingi 8,000. Muuzaji alikuwa na mwingine wa dhahabudhahabu, bei mara nne, eti unaongeza ung'avu. Haongezi mtu kitu hapo. HDMI ama inafikisha picha ama inakatakata. Kisha nikaingia kwenye menyu ya deki. Kila mtu anakwambia weka 1080p, yaani deki ikuze picha yenyewe hadi ukubwa wa kioo. Kwangu 576p, yaani picha nzima ya DVD bila kukuzwa, ilitoka bora zaidi: deki inaunganisha zile nusu, TV inabaki na kazi ya kukuza tu, na kukuza inajua. Wewe jaribu zote mbili kwa tukio lilelile, maana deki hazifanani. Kuna pia kipengele cha PAL na NTSC (mfumo wa Marekani); kiache kwenye Auto. Diski ya Kimarekani ikilazimishwa kuwa PAL, deki ya bei chee inaivuruga zaidi.

Lawama ya TV yenyewe iko hapa: imetoka kiwandani na Sharpness (ukali wa picha) kwenye 60. Kipengele hicho hakileti undani wowote mpya, kinapiga tu ukanda mweupe pembeni ya kila mstari mweusi, na jino dogo linageuka jino kubwa. Nilishusha hadi 10, mwanangu mkubwa akauliza kama nimebadilisha TV. Kwa shemeji yangu Mbezi, ambaye yake ni ya bei mbaya, kisa kilikuwa ule ulainishaji wa mwendo. Katuni za kuchora kwa mkono mara nyingi zina michoro 12 tu kwa sekunde, mmoja ukionyeshwa mara mbili. TV inajitungia picha za katikati, na mikono ya wahusika inamomonyoka. Tukauzima.

King'amuzi nacho nikakihamishia HDMI. Chaneli za zamani bado zina meno kidogo, na ukivuta picha ya mraba ijaze kioo kizima yanaongezeka.

Naipa nyota tatu na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu TV hii inahifadhi mipangilio kwa kila tundu peke yake: ukirekebisha HDMI 1, HDMI 2 inabaki na 60 yake, na kijitabu hakisemi popote.