Mtaa wa Gizenga, Zanzibar: ununue nini, uache nini ukitokea Arusha au Moshi

Kwa mtu wa Arusha, sehemu kubwa ya bidhaa za Mtaa wa Gizenga zimetoka kwao. Shanga za Kimasai, kahawa ya Kilimanjaro, hata tanzanite, jiwe ambalo duniani kote huchimbwa Mererani tu: vyote vimepanda lori, vikavuka maji, na bei ikapanda navyo. Hivyo viache hapo hapo rafuni.

Mtaa unaanzia Barabara ya Kenyatta, upande wa posta ya Shangani, unapita nyuma ya Ngome Kongwe kisha unaendelea kama Hurumzi. Magari hayaingii, lakini pikipiki zinapita, na wakati mwingine kwa kasi, kwa hiyo ukitaka kutazama milango ya nakshi sogea barazani. Kwa macho, Gizenga inastahili sifa zake zote. Kwa mfuko, wauzaji wake wamezoea watalii, na bei ya kwanza mara nyingi ni ya mtalii. Salimia kwanza, tena vizuri, ndipo uulize bei. Ukianza na "hii shi' ngapi" umeshajipandishia.

Kanga zifuate Mchangani, karibu na soko la Darajani, wanakonunua wenyeji. Usiridhike na kona moja: kunjua doti nzima. Hakikisha pindo za vipande vyote viwili zina upana sawa na chapa haikupinda, maana ikipinda, ukishakata katikati kipande kimoja kitaonekana kimekaa upande hata mshonaji afanyeje. Muuzaji akikubali, chomoa uzi mmoja uuchome: pamba huacha jivu laini, polista huyeyuka na kuwa punje ngumu. Mara ya kwanza ifue peke yake. Nyekundu na nyeusi huchuja.

Viungo navyo ni Darajani, katika soko la mwaka 1904, si vile vikapu vidogo vya ukili vyenye paketi vinavyoning'inia Gizenga. Paketi hizo hukaa juani, na kiungo kilichosagwa ndicho kinachopoteza harufu upesi zaidi. Nunua kizima, usage nyumbani. Karafuu ibonyeze kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta, na kichwa chake bado kipo. Ukiona vijiti vingi, umeuziwa makonyo. Itie kwenye glasi ya maji. Iliyokwisha kukamuliwa mafuta huelea imelala, nzima huzama au husimama wima. Vanila iwe laini, inayopindika bila kukatika. Zafarani, hasa ile ya bei rahisi, iache. Hailimwi Zanzibar, na inayouzwa kwa jina hilo mara nyingi ni ua jingine au rangi tupu. Ya kweli hutoa rangi polepole kwenye maji na nyuzi zake hubaki nyekundu.

Picha za tingatinga ndizo pekee zinazofaa kununuliwa Gizenga kwenyewe, kwa kuwa kuna za kuchagua na wachoraji wengine wako hapo hapo. Tatizo ni rangi. Ile ya mafuta inayong'aa hukauka juu kabla ya chini. Bonyeza kidole kwenye kona yenye rangi nzito; ikinata, chagua nyingine. Viringisha picha upande wa rangi ukiwa nje, na karatasi ya nta juu yake. Gazeti litaganda, na joto la basi mpaka Moshi litamalizia kazi.

Magamba ya kasa usinunue kabisa, ni kosa kisheria.

Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa sala, na mwezi wa Ramadhani usitegemee chakula mchana nje ya hoteli. Funika mabega na magoti.

Kuhusu safari: basi la asubuhi kutoka Arusha hufika Dar jioni, na mara nyingi boti ya mwisho imeshaondoka, hivyo hesabu na gharama ya kulala. Basi la usiku hukuwahisha boti za asubuhi, ila toka stendi ya Mbezi mpaka bandarini kuna foleni. Usikate tiketi ya boti ya kwanza kabisa. Beba kitambulisho, kwani bila hicho hupandi. Ukinunua vitu vingi, au vya umeme, tunza risiti za kuwaonyesha watu wa forodha Dar.