Trello kwa timu ndogo ya programu: ubao upo, nidhamu ni juu yenu

Ninaongoza timu ndogo inayotengeneza mfumo wa mauzo na stoo kwa maduka ya dawa hapa Dar es Salaam. Hatufiki watu kumi: madeva (waandishi wa programu), mbunifu wa skrini, dada wa majaribio, na kaka mmoja anayezunguka kwa wateja kuanzia Mbagala hadi Tegeta. Kazi zetu zote ziko kwenye Trello, toleo la bure, na wenzangu wanaoanzisha timu huniuliza kama inafaa. Inafaa sana, na kwa timu changa ningeanza nayo kabla ya nyingine yoyote. Ila ijulikane mapema: Trello inaionyesha kazi, haiiendeshi. Timu isiyo na utaratibu itaingia na vurugu zake zote humo, na vurugu zitapata rangi nzuri tu.

Kwa asiyeijua, Trello ni ubao wa kwenye intaneti. Ubao una safu, safu zina kadi, kadi moja ni kazi moja, nawe unaiburuta kutoka safu hii kwenda ile kadiri kazi inavyosogea. Ilizinduliwa mwaka 2011 na kampuni ya Fog Creek ya New York, na mwaka 2017 ikanunuliwa kwa dola milioni 425 na Atlassian ya Australia, wenye Jira, chombo kingine cha kusimamia kazi za programu. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, linatoka kwenye viwanda vya Toyota nchini Japani. Huko mhandisi Taiichi Ohno alijenga utaratibu wa kadi uitwao kanbani, ili sehemu ya gari itengenezwe pale tu kituo kinachofuata kinapoihitaji. Watu wa programu walilichukua wakaliunganisha na ajaili, mtindo uliopata jina hilo Februari 2001, watu 17 walipokutana Snowbird, Utah, na kuandika tamko lao fupi. Kiini cha ajaili ni kutoa programu inayofanya kazi mapema na mara kwa mara, mteja aishike, aseme, nanyi mrekebishe. Maendeleo yanapimwa kwa programu inayotumika, si kwa unene wa nyaraka.

Ubao wetu una safu tano: Akiba, Sprinti Hii, Inafanyika, Inajaribiwa, Imekamilika. Akiba ni kazi zinazosubiri zamu, na sprinti ni kipindi kifupi cha kazi chenye mwanzo na mwisho. Majina unaandika mwenyewe kwa lugha unayotaka, na hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Kaka wa wateja hakusomea kompyuta, lakini anafungua ubao kwenye simu yake akiwa dukani kwa mteja na anajua papo hapo kipi kiko wapi, bila kumpigia mtu.

Nguvu ya Trello iko ndani ya kadi. Kadi nzuri kwetu inasomeka hivi: "Kama muuzaji wa duka, nataka kuona dawa zitakazoisha muda ndani ya miezi mitatu, ili nizirudishe kwa msambazaji mapema." Nani, anataka nini, na kwa ajili gani. Deva aliyeipokea kadi hiyo aliuliza kwenye maoni kwa nini iwe miezi mitatu na si mmoja. Kaka akamjibu kutoka dukani: wapo wasambazaji wasiopokea dawa iliyobakiza muda mfupi, kwa hiyo onyo la mwezi mmoja linamkuta mwenye duka ameshapata hasara. Jibu hilo limebaki kwenye kadi. Miezi ikipita na mtu mwingine akaufungua msimbo ule wa programu, sababu ataikuta mahali pake. Kwenye makundi ya WhatsApp, maelezo ya namna hiyo yanazama chini ya salamu za asubuhi na picha za harusi.

Ndani ya kadi hiyohiyo kuna orodha ya kutiki. Sisi tunaitumia kukubaliana "imeisha" maana yake nini: imejaribiwa kwenye simu ya bei ya chini, inafanya kazi mtandao ukikatika, mwenzako ameusoma msimbo, maneno ya Kiswahili yamehakikiwa, iko kwenye sava ya majaribio. Ukitiki, uso wa kadi unaonyesha 3/5 au 4/5. Anayesema amemaliza na kadi inasoma 4/5 hahitaji kubishana na mtu. Ningeshauri timu yoyote iandike orodha yake kabla ya kuandika kadi ya kwanza, maana ugomvi mwingi kati ya madeva na watu wa majaribio unatokana na kila upande kuwa na "imeisha" yake.

Sasa nifike kwenye safu ya katikati, Inafanyika. Hapa ndipo ajaili inapoishi au inapofia. Mshika mbili moja humponyoka, na deva mwenye kadi nne zilizo wazi hana hata moja anayoimaliza: kila anapohama anapoteza muda kukumbuka alikoishia, na wa majaribio anakaa anasubiri. Kanuni ya kanbani ni kuweka kikomo cha kazi zilizo mkononi. Kwetu ni kadi moja kwa kila deva, na nafasi moja ya ziada kwa bagi, yaani hitilafu ya programu, ya dharura. Trello haina kikomo hicho peke yake. Unaongeza kiongezeo cha bure kiitwacho List Limits, unaandika namba, na kadi zikizidi safu inabadilika rangi. Haikuzuii kuongeza nyingine. Rangi itabadilika, na kama hakuna mtu mwenye ujasiri wa kusema "Dada, maliza hiyo kwanza," ubao utabaki na rangi hiyo hadi mtaizoea. Kwangu hii ndiyo kasoro kubwa ya chombo hiki, na ndiyo sababu nasema nidhamu ni juu yenu. Kiongozi wa timu aamue mapema kwamba kikomo ni kikomo, hata mteja akipiga simu anafoka.

Kiongezeo kingine ninachokipenda ni Card Aging. Kadi isiyoguswa kwa siku nyingi inaanza kufifia. Ukiwa na kadi inayosubiri majibu ya kampuni ya malipo au karatasi kutoka ofisi fulani, unaiona inapauka mbele ya macho yako. Tunaibandika lebo nyekundu ya IMEKWAMA na jina la anayefuatilia. Jina la mtu, si la idara, kwa sababu kadi ya idara haina mwenyewe.

Asubuhi tunasimama mbele ya ubao, walio mbali wanaingia kwa simu. Mwongozo wa skramu, utaratibu wa ajaili unaogawa kazi kwa sprinti, ulioandikwa na waanzilishi wake Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unaupa mkutano huu dakika 15, na zinatosha kabisa mkisoma ubao kutoka kulia kwenda kushoto: kwanza zinazokaribia kuisha, mwisho zile ambazo hazijaanza. Mkianza na watu, kila mmoja anahadithia siku yake ili aonekane alikuwa kazini. Mkianza na kadi, swali linakuwa moja: hii inakosa nini ili iishe leo?

Kwa upande wa sprinti, Trello iko nyuma. Haijui sprinti ni nini. Haina alama za ukubwa wa kazi wala mchoro wa kuonyesha kazi iliyobaki inavyopungua siku hadi siku. Mwongozo unataka sprinti isizidi mwezi mmoja, na yetu ni ya wiki mbili. Ikiisha, tunaipa safu ya Imekamilika jina la tarehe, tunaihifadhi kwenye kumbukumbu na kufungua mpya. Kisha tunahesabu kadi zilizovuka, basi. Kwa timu ya ukubwa wetu hesabu hiyo inatosha kupanga sprinti inayofuata, mradi kadi zinakaribiana ukubwa. Kadi kama "Tengeneza ripoti" haifai kuingia humo. Ikatwe: ripoti ya mauzo ya siku, ripoti ya dawa zilizopungua, ripoti ya madeni. Kila kipande mteja akipewa peke yake ana cha kufanyia. Kwa kikao cha kujitathmini tuna ubao wa pili wenye safu tatu, Iendelee, Iachwe na Ijaribiwe, na kila mtu anaandika kadi zake kabla hatujaanza kuongea, ili wapole nao wasikike.

Kuhusu mtandao: programu ya simu inakuruhusu kusoma na kuhariri bila intaneti, halafu inajioanisha ukirudi hewani. Umeme ukikatika ofisini na bando ni la kuungaunga, hilo si jambo dogo. Kwenye kivinjari cha kompyuta usitegemee hivyo.

Bei na mipaka. Toleo la bure linakupa mbao 10 na watu 10 katika eneo moja la kazi, na faili la kuambatisha lisizidi MB 10. Picha za skrini zinaingia bila shida, video ndefu ya bagi haiingii. Toleo la Standard ni dola 5 kwa mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, dola 6 ukilipa mwezi kwa mwezi. Premium ni dola 10 kwa malipo ya mwaka, na ndiko iliko kalenda na mwonekano wa ratiba. Malipo ni kwa kadi ya benki, huwezi kutuma M-Pesa moja kwa moja, kwa hiyo timu isiyo na akaunti ya kampuni ipange nani atatoa kadi yake na atarudishiwaje. Mimi sijaona sababu ya kulipia. Premium ningeifikiria tu kama mna wateja wengi wenye tarehe zinazogongana.

Mkifika watu 11, au mkawa na mifumo mitatu ambayo kazi ya huku inasubiri ya kule, hamieni kwingine bila kuona huruma. Jira nayo ni ya bure hadi watu 10, na sprinti na michoro imo ndani tangu mwanzo, lakini mipangilio yake inahitaji mtu wa kukaa nayo. Kwa timu inayojifunza ajaili kwa mara ya kwanza, muda huo ni bora uende kwa mteja. Data zenu mnaweza kuzitoa bure kwa faili la JSON, la maandishi yanayosomwa na programu nyingine, ubao mmoja mmoja. Faili la CSV linalofunguka kwenye Excel liko Premium. Fanyeni nakala kila sprinti inapofungwa, na kazi hiyo nayo iandikiwe kadi yenye jina la mtu.