Walichukua pesa yangu, halafu wakaniuliza hawa watu wananihusu nini

Naandika nikiwa bado na hasira. Tovuti hii ya kulipia ya kutafuta nasaba, inayojitangaza usiku na mchana kwamba ina madaftari ya nyumba za maskini za Uingereza (workhouse, yaani majengo ya umma ya zamani walikowekwa na kufanyishwa kazi wasiojiweza), imenidharau kwa namna ambayo sijawahi kudharauliwa na mtu ninayemlipa.

Mavyaa wangu ni mtu wa Liverpool, mzee sasa. Cheti cha kuzaliwa cha mama yake kinasema alizaliwa 144A Brownlow Hill, na siku zote mavyaa alijua hiyo ni nyumba ya kupanga. Kumbe ndiyo nyumba ya maskini ya Liverpool! Kuanzia 1904 vyeti vya watoto waliozaliwa humo viliandikwa anwani ya mtaa tu, wasije wakasimangwa ukubwani. Jengo lilishabomolewa, na leo pamesimama kanisa kuu la Kikatoliki. Tumepita pale na watoto sijui mara ngapi.

Basi nikalipa, nimtafute bibi yake mavyaa, yule aliyejifungua humo. Naandika jina la ukoo, hakuna. Naandika mwaka, hakuna. Sasa mimi najua kidogo mambo haya. Sheria ya 1868 ilizitaka nyumba hizi ziandike dini ya kila anayeingia, na daftari la dini kwa kawaida hupangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Faharasa, yaani orodha ya majina ya kutafutia, ikikosea, unafungua herufi yako na kusoma ukurasa kwa ukurasa. Lakini kifurushi changu kiliruhusu kutafuta, hakikuruhusu kupekua! Yaani wao wakosee, mimi nilipe zaidi.

Nikapiga simu. Kijana wa huduma kwa wateja akasikia jina langu, akasikia lafudhi yangu, akauliza, "Kwani hawa watu wanakuhusu nini?" Nikamwambia ni mababu wa wanangu. Akanijibu kwamba si kila mtu ana babu humo, labda nijaribu rekodi za kwetu. Za kwetu! Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sina haja ya kuficha, lakini wanangu wametoka kwa yule mama sawasawa na walivyotoka kwa bibi zangu. Nani amempa huyu kijana ufunguo wa kuchagua nani ana haki ya kuwatafuta wazee wake?

Nikapandisha kifurushi huku mikono inatetemeka, nikafungua herufi T.

Alikuwepo. Jina zima, limeandikwa kwa mwandiko safi, ila aliyenakili faharasa aliona F. Palipoandikwa dini, karani alianza na Anglikana, akakata kwa mstari mmoja, akaandika Katoliki juu yake. Palipotakiwa jamaa wa karibu pana jina la dada yake, na mtaa anaokaa. Mavyaa akaweka kidole kwenye kioo, akalisoma lile jina kwa sauti. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bibi yake alikuwa na dada. Chini kidogo mama yule anaonekana tena: ametoka, amerudi, na mtoto mkononi. Watu walikuwa wakiingia na kutoka hivyo, kwa sababu ukitoa taarifa ya muda wa saa tatu uliruhusiwa kuondoka, ila nje kazi hakuna.

Hapo nilitaka kuwapa nyota zote. Picha zao ni nzuri mno, unaona hadi wino ulipokolea, na bila picha hizo mavyaa angekufa hajui. Kisha nikatuma marekebisho ya ile herufi, na mpaka leo bado ni F. Watu wangapi wamelala humo kwa herufi isiyo yao, na wajukuu wao wanaambiwa hakuna kitu?

Kwa hiyo nyota moja. Au tuseme mbili, ya pili ni ya yule karani wa zamani aliyejali kuandika jina la dada. Kifurushi nilikikata siku ileile kwa hasira. Ila mavyaa sasa anataka kumjua huyo dada naye aliishia wapi, na huenda yumo katika daftari la nyumba nyingine ambalo sijaliona popote isipokuwa kwao. Nitalipa tena. Simu ndiyo sitapiga.