Uzoefu wangu na programu ya maneno marefu ya Kiingereza

Kwa miezi sita nimekuwa nikitumia programu ya simu inayowafundisha wachezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vyenye herufi, maneno ya Kiingereza yenye herufi saba au zaidi, pamoja na maana zake. Niliitafuta baada ya kuchoka kukariri orodha tupu za maneno ambayo yalikuwa yakinitoka kichwani kabla ya wiki kuisha.

Ukichagua herufi A, E, I, N, R, S na T, programu hii inakuletea kwa pamoja "retains", "nastier", "retinas" na "stearin", kila neno na maana yake. "Stearin" nilikuwa nimelikariri na kulisahau mara nyingi, hadi niliposoma kwamba ni kiambato cha mafuta magumu kinachotumika kutengenezea mishumaa. Sasa nikizipata herufi hizo naona mshumaa, na zile alama 50 za nyongeza anazopewa mchezaji anayeshusha vipande vyote saba kwa mkupuo mmoja hazinipiti. Zaidi ya hayo, maana hukuonyesha neno ni la aina gani: "stearin" ni nomino, kwa hiyo inapokea S ya wingi, ilhali "nastier" ni kivumishi na kuiongezea S ni kujipotezea zamu.

Najua wapo watakaosema kwamba maana si lazima, kwa kuwa Nigel Richards, mchezaji mashuhuri wa Scrabble kutoka New Zealand, alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kukizungumza Kifaransa. Ni kweli, lakini kumbukumbu ya aina hiyo ni ya watu wachache sana, nasi wengine tunahitaji mahali pa kulitundika neno. "Quixotry", lililompatia mchezaji mmoja wa Marekani alama 365 kwa zamu moja mwaka 2006, sijalisahau tangu niliposoma kwamba ni tabia ya kukimbilia ndoto zisizotekelezeka, kama Don Quixote, yule shujaa wa riwaya ya Kihispania.

Kasoro yake kubwa ni kuchanganya maneno ya kuchezwa na maneno ya kushangaza tu. "Antidisestablishmentarianism", yaani msimamo wa kupinga kanisa kutenganishwa na dola, lina herufi 28, ilhali ubao una miraba 15 tu kila upande; linafurahisha kulijua, ila halistahili kukaa katika zoezi la mchezaji. Linaloniudhi zaidi ni maelezo yanayojizungusha, kwa mfano "inexorability" kuelezwa kuwa ni hali ya kuwa "inexorable", jambo lisilomsaidia hata kidogo mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Kamusi ndiyo iliyonieleza kwamba ni hali ya kutozuilika wala kubembelezeka.

Ninaendelea kuitumia kila jioni, kamusi ikiwa wazi pembeni.