Eti zanthati ni gundi tu!

Bado nina hasira, mnivumilie. Tulinunua zanthati ya amili, kolekta, yaani kemikali ya kufanya chembe za madini zidandie viputo vya hewa, kwa mtambo wetu wa kuelesha (kuinua kwa povu) mbale, mawe ya madini, yenye risasi na zinki. Upande wa risasi sina neno: povu lilitoka zito, linang'aa, limejaa galena, madini ya risasi. Zinki ikagoma. Seli, yale matangi ya kuelesha, zinatoa povu jeupe tupu, na sfaleraiti, madini ya zinki, inajiendea zake na mabaki.

Nikampigia mtaalamu wa muuzaji, nikamuuliza jambo moja tu: kwa mbale kama hii, tutangulize mrututu (salfeti ya shaba) kiasi gani? Akacheka! "Kaka, kolekta ni gundi. Isiposhika, ongeza dozi." Nilipotaka kumweleza akanikata, eti ana wateja wakubwa wanamsubiri. Msimamizi wa zamu akamsikiliza yeye. Dozi ikapanda, na pairaiti yote, madini ya chuma tusiyoyataka, ikapanda nayo. Makinikia yakawa uchafu mtupu.

Gundi! Tangu Keller apate hataza yake ya zanthati Marekani mwaka 1925, sifa ya kemikali hii ni kuchagua. Kichwa chake chenye salfa hufungamana na risasi iliyo juu ya uso wa galena. Mkia wake wa hidrokaboni hubaki nje ukiyakimbia maji, na kiputo cha hewa kikipita, chembe inakidandia. Kwenye pairaiti mambo ni mengine kabisa. Pale oksijeni iliyomo majini hupokea elektroni kupitia madini yenyewe, na zanthati zinazozitoa huungana mbilimbili kuwa dizanthojeni, kitu cha mafutamafuta kinachotanda juu ya chembe. Sfaleraiti haina bahati hiyo: haipitishi elektroni vizuri, na kile kinachoundwa na zanthati pamoja na zinki huyeyuka kirahisi kuliko cha risasi. Ndiyo maana hutangulizwa mrututu. Shaba inachukua nafasi ya zinki usoni, halafu zanthati inaishika shaba. Sasa ongeza dozi uone kama hilo litatokea lenyewe! Na kwatzi, lile jiwe tupu la kutupwa, je? Uso wake una chaji hasi karibu katika maji yoyote, na zanthati nayo ni hasi. Mwaga dramu nzima, havitashikana. Kwatzi inataka kolekta za aina nyingine ziitwazo amini, zenye chaji chanya.

Mwishowe tukafanya nilivyotaka tangu mwanzo. Chokaa mpaka pH ikavuka 11, pairaiti ikatulia. Mrututu, muda kidogo wa kukoroga, kisha zanthati kwa dozi ileile ya awali. Zinki ikaelea bila maneno.

Kwa hiyo nyota moja niliyotaka kutoa naifuta, maana kemikali yenyewe haina kosa. Unga ulikuja mkavu, dramu imefungwa vizuri. Nne, basi.

Ngoja. Nimekumbuka kwamba mtu huyohuyo alinishauri niyeyushe ya wiki nzima kwa mkupuo "kupunguza usumbufu". Zanthati ikikaa majini, hasa penye joto, huvunjika na kutoa kaboni disalfaidi, ambayo ni sumu na hushika moto kwa wepesi wa kutisha. Vijana wangu ndio wanaofungua lile tangi!

Mbili. Dramu nyingine nitaagiza, sikatai, ila apokee simu mtu mwingine.